Robert Koch: Daktari aliyeitafutia sotoka kinga

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, ugonjwa wa sotoka uliangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe wa magharibi ya Ziwa Viktoria, ukanda ambamo imo Bugarama, katika wilaya ya Ngara. Ugonjwa uliendelea kuelekea kusini, na mwishoni mwa mwaka 1896 serikali ya Koloni la Rasi ikamwita Kimberley daktari Mjerumani, Robert Koch, autafutie kinga.

Koch alizaliwa Clausthal mwaka 1843, na jina lake lilivuma mwaka 1882 alipogundua kimelea cha kifua kikuu. Hata hivyo, alifika Kimberley akiwa na doa. Mwaka 1890 alitangaza kuwa tuberkulini ilizuia ugonjwa huo kwa simbilisi wa maabara. Wagonjwa waliikimbilia, wengi hawakupona na baadhi walifariki. Mwanzoni aliificha hata namna ilivyotengenezwa, jambo ambalo ni vigumu kulitetea.

Safari hii mnyama wa majaribio ndiye aliyekuwa mgonjwa mwenyewe. Koch hakukiona kisababishi cha sotoka, kwa kuwa ni kirusi, kidogo mno kwa hadubini za wakati ule. Alichukua nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka, akawadunga ng'ombe wazima mililita 10 chini ya ngozi, na baada ya siku kadhaa akawatia damu yenye ugonjwa. Hawakuugua. Mwaka 1897 njia hiyo ilianza kutumika kwenye mifugo, ingawa kinga haikudumu na mara nyingine nyongo yenyewe iliambukiza. Baadaye seramu ilichukua nafasi yake.

Mwaka 1906 Koch alirejea Afrika Mashariki kwa ajili ya malale, ambayo haitokani na kirusi bali huenezwa na mbung'o. Atoksili ilikuwa imeleta matumaini kwa panya wa maabara huko Liverpool, na katika Visiwa vya Ssese, Uganda, aliwadunga wagonjwa zaidi ya 1,000. Alipoongeza kipimo, baadhi yao walipofuka moja kwa moja, madhara ambayo majaribio ya panya hayakuyabashiri. Matibabu ya malale yalifanyika pia katika kambi ya Kigarama, Kiziba, ambayo leo imo mkoani Kagera.

Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, kwa msaada mkubwa wa chanjo iliyobuniwa Muguga, Kenya.