Waziri Aliyewajengea Wanazuoni Nyumba na Posho

Kijana wa Pwani aliyepata kukaa darsani baina ya Magharibi na Isha, kitabu cha Minhaj kikiwa mapajani, amefaidi kazi ya mtu ambaye pengine hata jina lake hakulisikia. Minhaj ni ya Imam Nawawi, aliyeifupisha kutoka Muharrar ya Imam Rafii. Silsila hiyo ukiifuata nyuma inakufikisha kwa Imam Ghazali, na kwa mwalimu wake, Imamul-Haramain Juwaini. Wawili hawa hawakuwa wa zama zetu wala wa nchi yetu, lakini madhehebu yetu ya Shafii yamepita mikononi mwao. Na wote wawili walipewa mahali pa kusomeshea na waziri mmoja. Huyo ndiye tunayemzungumza leo: Nidhamul-Mulk.

Jina alilopewa na wazee wake ni Hassan bin Ali. Alizaliwa mwaka 1018, sawa na 408 Hijriya, katika nchi ya Tus, Khurasan, upande ambao leo ni kaskazini-mashariki ya Iran. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Waghaznawi katika kazi za kodi. Mtoto alisomeshwa Kurani, hadithi na fiqhi, kisha akafuata kazi ya kalamu na daftari kama babake. Mwaka 1040 Waturuki wa Seljuk waliwashinda Waghaznawi vitani huko Dandanqan, na Khurasan ikabadili mabwana. Hassan akaingia katika utumishi wa mabwana wapya, akapanda daraja baada ya daraja, hata Alp Arslan alipokalia kiti cha ufalme akamfanya waziri wake, mwaka 1064. Ndipo akapewa lakabu ya Nidhamul-Mulk, yaani mpango wa ufalme. Aliushika uwaziri karibu miaka 30, chini ya Alp Arslan na kisha chini ya mwanawe, Malikshah.

Mambo aliyoyakuta kwa wanazuoni hayakuwa mazuri. Waziri aliyemtangulia, Kunduri, aliwaandama Mashafii waliofuata itikadi ya Ashari, hata wakawa wanalaaniwa juu ya mimbari za Khurasan. Sheikh Qushairi alitiwa kifungoni. Juwaini alikimbia mji wake wa Nishapur, akaenda Hijazi, akasomesha Makka na Madina kwa muda wa miaka minne. Kwa sababu hiyo ndiyo akaitwa Imamul-Haramain, Imamu wa Misikiti Miwili Mitukufu. Sisi tunaitamka lakabu hiyo kwa heshima, lakini asili yake ni lakabu ya mkimbizi.

Nidhamul-Mulk aliziondoa laana zile mimbarini na kuwaita waliokimbia warudi kwao. Wala hakuishia katika kuwaita tu. Alimjengea Juwaini chuo Nishapur, na mwanachuoni yule akasomesha hapo hadi kufariki kwake mwaka 1085.

MLANGO ULIOFUNGUKA BILA MWALIMU

Chuo kilichovuma zaidi ni cha Baghdad. Kilianza kujengwa mwaka 1065, kikafunguliwa mwaka 1067. Mwalimu aliyechaguliwa alikuwa Sheikh Abu Is-haq Shirazi, mtungaji wa Tanbih na Muhadhdhab, vitabu ambavyo maulamaa wetu wanavijua. Siku ya kufunguliwa watu walijaa wakangoja, na sheikh hakutokea. Alikuwa ameambiwa njiani kwamba mali iliyojengea chuo kile imechanganyika na ya dhuluma, akajificha. Ilibidi aketishwe mwingine, Ibn Sabbagh, na huyo akasomesha kiasi cha siku ishirini. Wanafunzi wa Abu Is-haq wakamshikilia sheikh wao hata akakubali, akashika kiti na kusomesha mpaka alipofariki mwaka 1083. Kisa hiki hakipasi kusahauliwa. Mtu wa elimu aliyepewa cheo kikubwa kuliko vyote mjini aliuliza kwanza fedha zimetoka wapi.

Tusidhani kwamba Nidhamul-Mulk ndiye wa kwanza kujenga madrasa. Nishapur zilikuwako kabla yake. Sifa yake ni mpango. Vyuo vyake vilipewa mali ya wakfu, ardhi na maduka, na mapato yake ndiyo yaliyowalipa mwalimu, mkutubi, msomaji wa Kurani na mwalimu wa nahau. Mwanafunzi alipewa mahali pa kulala na posho ya kula, na Imam Subki, mwanatarikhi wa madhehebu yetu, ameona kuwa huenda huyu ndiye wa kwanza kuwawekea wanafunzi posho maalumu. Subki ametaja vyuo vya Baghdad, Nishapur, Balkh, Herat, Isfahan, Basra, Merv, Amul na Mosul. Ukiitazama ramani utaona ni safari ya miezi kutoka ncha moja hadi nyingine.

Faida yake ni hii. Kijana maskini aliyetaka kumfuata sheikh wa mji wa mbali hakulazimika tena kuuliza atalala wapi. Na aliyehitimu aliweza kuwa mu'idi, yaani mwenye kuwarudilia wenzake somo la mwalimu, kisha naibu, kisha mwalimu mwenyewe, hapo alipo au katika mji mwingine. Elimu ikawa na njia ya mtu kupandia.

YATIMA WA TUS

Mfano mkubwa ni Imam Ghazali, mzaliwa wa Tus hiyo hiyo, mwaka 1058. Babake alipofariki aliacha akiba ndogo kwa rafiki yake wa kisufi, amsomeshee wanawe wawili, Muhammad na Ahmad. Akiba ilipokwisha, yule rafiki, ambaye naye alikuwa fukara, aliwaambia waingie madrasa wapate riziki yao. Muhammad akasoma, akafika Nishapur kwa Juwaini. Juwaini alipofariki mwaka 1085, kijana akaenda katika kambi ya waziri, ambako wanazuoni walikuwa wakikutana na kushindana kwa hoja. Akawashinda. Mwaka 1091 Nidhamul-Mulk akampeleka Baghdad kukishika kiti alichokalia Abu Is-haq, naye hajafika miaka 35.

Lakini hata huyo, miaka minne baadaye, mwaka 1095, aliviacha cheo na mshahara, akaondoka kwenda Sham, Baitul-Mukaddas na Makka, kwa kuogopa kwamba alikuwa akisomesha kwa ajili ya jaha. Na husimuliwa kwamba maulamaa wa nchi za ng'ambo ya mto Amu, waliposikia huko Baghdad elimu imewekewa ujira, walikaa matanga kuiombolezea elimu, wakisema sasa wataitafuta hata wasiostahili. Neno lao lina uzito. Lakini na tujiulize: pasingekuwa na posho, yule yatima wa Tus angefika wapi?

Zilikuwako na lawama nyingine. Vyuo vilikuwa vya Mashafii, na vilihudumia siasa ya waziri vilevile. Mwaka 1077 mawaidha ya mwana wa Qushairi katika chuo cha Baghdad yalizusha fitina baina yao na Mahanbali, na damu ikamwagika. Tena waziri aliwajaza wanawe katika vyeo vya serikali. Hakuwa malaika.

Husimuliwa pia kwamba mahasidi walimchongea kwa Malikshah kuwa mali anayowapa wanazuoni ingetosha kuandaa jeshi la kuiteka Konstantinia. Waziri akamjibu mfalme kwamba mishale ya jeshi lake haifiki mbali, naye amemwekea jeshi la usiku, watu wa dua, ambao mishale yao hufika mbinguni. Mfalme akanyamaza.

KILICHOKUFA NA KILICHOBAKI

Wataalamu wa falaki nao walipata fungu lao. Mwaka 1074 walikusanywa kutengeneza kalenda, miongoni mwao Umar Khayyam wa Nishapur, ambaye kabla ya hapo alitafuta riziki Samarkand na Bukhara. Kazi yao ikazaa kalenda ya Jalali, mwaka 1079, iliyouhesabu mwaka wa jua kwa usahihi wa kustaajabisha.

Tarehe 14 Oktoba 1092, mwezi 10 Ramadhani 485, waziri alikuwa safarini kutoka Isfahan kwenda Baghdad. Baada ya kufuturu, karibu na Nahavand, alimjia mtu aliyejifanya ana maombi, akamchoma kisu. Wengi wanasema muuaji alitumwa na Wabatini wa Alamut. Wengine walimshuku Taj al-Mulk, hasimu wake barazani, na wengine mfalme mwenyewe. Malikshah naye hakutimiza miezi miwili akafa.

Hapa ndipo penye somo. Kazi ya falaki, iliyotegemea hazina ya mfalme na hisani ya waziri, ilikatiwa matumizi ikafifia. Vyuo havikufa, kwa kuwa vilisimama juu ya wakfu. Chini ya miaka mia baadaye Ibn Shaddad wa Mosul, aliyekuja kuwa kadhi wa Salahuddin, alikuwa amepita hapo Baghdad akiwa mu'idi. Mshairi Saadi wa Shiraz alikula posho ya chuo hicho. Na mwaka 1327 Ibn Battuta alikiona kingali kikisifiwa kwa uzuri. Ni huyo huyo aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akatukuta Mashafii.

Namkumbuka mwenzangu mmoja wa darsa, hodari kuliko sote. Alipata nafasi ya kusoma ng'ambo. Nauli ya kwenda ilichangwa msikitini, ya kula huko hakuna aliyeiwaza. Baada ya mwaka alirudi, akafungua genge la nazi, na vitabu vyake vikaliwa na mchwa. Sisi tuliochanga tulidhani tumekwisha kufanya wema.

Wazee wetu waliacha maduka, mashamba na minazi kuwa wakfu wa misikiti na wanafunzi. Kila mtaa wa zamani wa Mombasa, Lamu na Malindi una la kujiuliza juu ya mali hiyo: iko wapi, inazalisha nini, na nani anaila. Hatuhitaji waziri wa Seljuk kutujibia. Tunahitaji kulifungua daftari, kisha tumtazame kijana anayefunga mzigo wake safari hii, tumuulize atakula nini atakapofika, na akirudi na elimu yake atasomesha wapi.