Montgomery: Mtumwa aliyejenga mji, akaachilia kura

JINA la Isaiah Montgomery hutajwa kwa sifa na pia kwa lawama katika historia ya watu weusi nchini Marekani.

Alizaliwa Mei 21, 1847, akiwa mtumwa katika shamba la Joseph Davis, jimboni Mississippi. Tajiri huyo alikuwa kakake Jefferson Davis, aliyeongoza majimbo ya kusini yaliyopigana kutetea utumwa kati ya 1861 na 1865.

Babake, Benjamin, alijifunza kusoma akiwa mtumwa na kukabidhiwa duka la shambani humo. Utumwa ulipokomeshwa, mzee huyo alinunua shamba la aliyekuwa bwana wake mnamo 1866, kwa mkopo wa dola 300,000. Familia yake ikawa miongoni mwa wakulima wakubwa wa pamba jimboni. Hata hivyo, mafuriko na kushuka kwa bei viliwalemea. Benjamin alifariki 1877, na baada ya miaka michache shamba likarudi kwa akina Davis.

Isaiah hakufa moyo. Mnamo 1887, yeye na binamuye, Benjamin Green, walinunua ardhi ya kampuni ya reli, iliyokuwa msitu na kinamasi. Walowezi walikata miti, wakauza mbao, kisha wakapanda pamba. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mound Bayou, mji ambao ardhi, maduka na uongozi vilikuwa mikononi mwa watu weusi.

Miaka mitatu baadaye, Mississippi iliandika katiba mpya. Montgomery alikuwa mjumbe mweusi wa pekee mkutanoni, na aliunga mkono masharti ya kodi na mtihani wa kusoma kwa wapigakura, yaliyokusudiwa kuwafungia nje watu weusi. Alitumai kuwa Wazungu wakishahakikishiwa mamlaka wangewaachia wenzake amani na mali. Mtetezi mashuhuri wa haki, Frederick Douglass, alimshutumu vikali.

Matumaini hayo hayakutimia. Watu weusi waliondolewa katika sajili za kura, na mauaji ya kikatili dhidi yao yakaendelea.

Mji wake nao ulinawiri. Ulitambuliwa rasmi 1898, Montgomery akiwa meya wa kwanza, na kufikia 1904 ulikuwa na benki yake.

Alifariki Machi 1924. Mound Bayou ingali ipo, lakini kura aliyoiachilia ililindwa tena na sheria ya Marekani mnamo 1965, miaka 75 baada ya mkutano ule.