Profesa Aliyewaachia Vijana Majina Yao

Kila aliyepita darasa la Fizikia anamjua Ernest Rutherford kwa mstari mmoja: karatasi nyembamba ya dhahabu, chembe za alfa, kiini cha atomi. Tunamkariri kutoka kwenye madesa, tunamwandika kwenye mtihani, tunachukua maksi zetu, tunasonga mbele. Mimi nami nilimjua hivyo hivyo, mpaka nilipoanza kuyasoma maisha yake kwa sababu nyingine kabisa. Nipo mwaka wa mwisho, na huku kwenye idara za sayansi huu ndio msimu wa kuulizana nani atabaki kuwa mkufunzi msaidizi na nani ataingia mtaani. Nikataka kujua idara inayomlea kweli mtafiti mchanga huwa inafanya nini hasa. Jibu nililikuta kwa huyu bwana.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1871 karibu na mji wa Nelson, New Zealand, mtoto wa nne kati ya watoto kumi na wawili. Baba yake alikuwa fundi na mkulima, mama yake aliwahi kuwa mwalimu. Sekondari alisoma kwa ufadhili, na Canterbury College mjini Christchurch akaenda kwa ufadhili vilevile. Alipohitimu aliomba kazi ya kudumu ya ualimu mara tatu, na mara zote tatu akakosa. Wale mnaojiandaa kuzunguka na bahasha za kaki, hilo mlishike.

Mwaka 1895 kulikuwa na nafasi moja ya ufadhili kwa New Zealand, iliyotokana na faida ya Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851. Ilikuwa na thamani ya pauni 150 kwa mwaka. Aliyechaguliwa hakuwa Rutherford. Alikuwa mkemia aitwaye James Maclaurin, ambaye mwishowe hakuichukua. Rutherford alikuwa wa pili kwenye orodha, kwa hiyo ikamwangukia yeye. Yaani mtu tunayemwita baba wa fizikia ya kiini aliingia kwenye utafiti kama mchezaji wa akiba.

Alikwenda Cambridge, kwenye Maabara ya Cavendish iliyokuwa chini ya J. J. Thomson. Ndiyo kwanza chuo kile kilikuwa kimefungua mlango kwa watafiti waliohitimu vyuo vingine, na Rutherford alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupita. Thomson hakumwacha kijana wa kuja ajitafutie njia gizani. Alimshirikisha kwenye utafiti wake mwenyewe kuhusu eksirei, jambo lililokuwa jipya kabisa duniani. Na mwaka 1898, nafasi ya uprofesa ilipotokea Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, Thomson alimwandikia barua nzuri ya kumpendekeza. Rutherford akawa profesa akiwa na miaka 27. Mlango, swali na barua: vyote vitatu alivipokea kabla hajawa mtu. Nadhani hakuvisahau.

Kule McGill mwanafunzi wake wa kwanza wa shahada ya juu alikuwa mwanamke, Harriet Brooks. Alifanya naye kazi kuhusu unururifu, akamsaidia apate nafasi ya kwenda Cambridge kusoma kwa Thomson. Mwaka 1906 Brooks alikuwa anafundisha Barnard College, New York. Alipochumbiwa, mkuu wa chuo alimwambia kwamba mwanamke akiolewa inabidi aache kazi. Baadaye, aliposaka ufadhili wa kufanya utafiti Manchester, Rutherford aliandika barua ya kumuunga mkono kwa nguvu zote. Lakini mwaka 1907 Brooks aliolewa na fizikia ikamkosa moja kwa moja. Nalieleza hili kwa sababu linaonyesha mpaka wa wema wa mtu mmoja. Barua ya profesa haiwezi kushinda kanuni mbovu ya chuo. Kanuni yenyewe ndiyo inapaswa kuvunjwa.

Mwaka 1907 Rutherford alihamia Manchester. Hapa ndipo ilipo ile karatasi ya dhahabu, ila madesa hayatuambii ni nani aliyekaa gizani akihesabu vimulimuli. Alikuwa Ernest Marsden, kijana wa miaka 20, ambaye alikuwa hajamaliza hata digrii ya kwanza. Hans Geiger, msaidizi wa Rutherford, aliona kijana yuko tayari kupewa utafiti mdogo. Rutherford akasema ajaribu kuangalia kama kuna chembe za alfa zinazorudi nyuma zikigonga metali. Hakuna aliyetegemea kwamba zipo. Marsden akazikuta: takriban moja katika kila 8,000.

Mwaka 1909 makala ya matokeo hayo ikatoka, na majina juu yake yalikuwa mawili: Geiger na Marsden. Jina la Rutherford halikuwamo, japokuwa maabara ilikuwa yake na swali lilikuwa lake. Yeye alikaa na matokeo yale akiyatafakari, na mwaka 1911 akaandika makala yake mwenyewe kueleza kwamba atomi ina kiini. Hapo kila mtu alipata kilicho chake. Kumpa mwanafunzi heshima yake hakukumpunguzia profesa chochote. Bila hesabu za yule kijana, kiini chenyewe kisingeonekana.

Vita Kuu ya Kwanza ilimvunja moyo. Henry Moseley, aliyekuwa amefanya kazi Manchester na ndiye aliyeonyesha kwa eksirei maana halisi ya namba ya atomi, alikwenda jeshini kwa hiari. Akauawa Gallipoli, Uturuki, tarehe 10 Agosti 1915, akiwa na miaka 27. Rutherford alilalamika hadharani kwamba nchi imepoteza akili ya namna ile kwa kuitumia kama askari wa kawaida. Kijana wake mwingine, James Chadwick, alikuwa Berlin akisoma kwa Geiger vita ilipoanza, akafungiwa kwenye kambi ya Ruhleben kwa miaka yote ya vita. Alirudi Uingereza akiwa mgonjwa na hana kitu mfukoni. Rutherford alimpa kazi ya kufundisha ya muda pale Manchester ili apate kula, na mwaka 1919, alipoteuliwa kumrithi Thomson kule Cavendish, akaondoka naye.

Cavendish ya Rutherford ndiyo ninayotaka wenzangu waifikirie vizuri. Shahada ya uzamivu ilikuwa jambo geni Cambridge miaka hiyo, kwa hiyo walikuwa wanajifunza namna ya kulea watafiti huku wanawalea. Mgeni hakutupwa tu maabara akaambiwa apambane na hali yake. Alianzia chumba cha juu kabisa, chini ya paa, ambako Chadwick aliwafundisha wapya kutumia vifaa kabla hawajapewa swali la utafiti. Saa kumi na mbili jioni maabara ilifungwa, watu wakaenda nyumbani kufikiri. Rutherford hakuamini kwamba kukesha ndiko kufanya kazi. Kulikuwa na chai ya pamoja, ambapo profesa na mwanafunzi mpya walizungumzia matokeo ya siku. Na yeye mwenyewe alipita chumba hadi chumba akiuliza kazi inakwendaje, kwa sauti kubwa kiasi kwamba iliweza kuvuruga vifaa, mpaka wakabandika bango la kuomba watu waongee taratibu.

Alikuwa na makosa yake, tena si madogo. Alikuwa na hasira za ghafla, ingawa baadaye alirudi kuomba radhi. Hakupenda kuomba fedha, na aliamini maabara inaweza kwenda kwa vifaa vya kuungaunga. Chadwick, aliyekuwa mkono wake wa kulia, alitaka mashine kubwa za kisasa, mzee hakutaka. Mwaka 1935 Chadwick akahamia Liverpool akajijengee mwenyewe. Kwa hiyo anayedhani moyo mzuri unatosha bila bajeti, jibu lake lipo hapo: ubahili ulimkimbiza mtu aliyemlea kutoka sifuri.

Lakini tazama mwaka 1932. Februari, Chadwick alitangaza kugundua nyutroni, chembe ambayo Rutherford alikuwa ameibashiri tangu mwaka 1920. Makala ilikuwa na jina moja tu, la Chadwick. Tarehe 14 Aprili, Ernest Walton, mtoto wa mchungaji kutoka Ireland, alitambaa hadi kwenye kibanda kidogo chini ya mashine aliyoijenga na John Cockcroft, akaona vimulimuli kwenye skrini. Protoni zilikuwa zimepasua viini vya lithiamu. Wakamwita mzee, naye akajikunja kwenye kibanda kile na mwili wake mkubwa ili aone kwa macho yake. Miezi ya nyuma ni yeye aliyewasukuma waache kurembesha mashine waanze kupima. Ila kazi ilipochapishwa, majina yalikuwa ya Cockcroft na Walton. Chadwick alipata Nobel mwaka 1935. Cockcroft na Walton waliipata mwaka 1951, miaka 14 baada ya mzee kufariki. Yeye yake alikuwa nayo tangu 1908.

Mwaka 1933, Hitler alipoanza kuwafukuza wanazuoni wa Kiyahudi vyuoni, Rutherford alikubali kuwa rais wa baraza lililoundwa Uingereza kuwatafutia kazi na hifadhi. Alifariki tarehe 19 Oktoba 1937, na majivu yake yakawekwa Westminster Abbey, karibu na kaburi la Newton.

Sasa turudi kwetu. Kwenye idara nyingi, kumsaidia mtafiti mchanga maana yake ni semina ya siku mbili yenye chai, sambusa na cheti. Baada ya hapo mkufunzi msaidizi anarudishiwa rundo la karatasi za kusahihisha na vipindi vya maabara vya watu mia tatu. Utafiti ataufanya lini, hilo ni juu yake. Nimewasikia kaka na dada zetu wakisimulia, tena kwa sauti ya chini, jinsi walivyokusanya data kijijini kwenye vumbi na mvua, halafu makala ikatoka na majina ya wakubwa watupu. Mtu akishafanyiwa hivyo mara mbili, anatafuta kazi benki, na idara inabaki kushangaa kwa nini vijana hawapendi sayansi.

Najua jibu litakalokuja: hatuna hela. Ni kweli hatuna, na hela inahitajika. Habari ya Chadwick imetuonyesha. Lakini Marsden hakupewa hela. Alipewa swali la kweli, mtu wa kumwelekeza, na jina lake juu ya makala. Kuandika jina la aliyefanya kazi hakuhitaji kibali cha wizara wala fungu la maendeleo. Kumwandikia kijana barua kwenda chuo kingine kunachukua nusu saa. Kikombe cha chai ambapo mkuu wa idara anamuuliza mkufunzi msaidizi umefikia wapi, nacho si gharama ya kuitisha kikao.

Wito wangu kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi ni huu: mnapokaa na menejimenti kuongelea bumu na hosteli, ongezeni ajenda moja. Kila idara ya sayansi iandike kanuni ya nani anaingia kwenye makala, na kila mkufunzi msaidizi atengewe saa za utafiti kwenye ratiba, zisiguswe. Barua peke yake haikumwokoa Harriet Brooks. Tukiwaachia wakubwa wawe wema kwa hiari yao, tutampata Rutherford mmoja kwa kila karne, na wengine wote tutabaki kusahihisha karatasi.