Shaaban Robert, karani wa forodha ya Pangani

Msikilizaji, ukitoka Mwera kwenda Pangani mjini lazima uvuke mto pale Bweni. Wengi tunavuka kwa pantoni, ila aliyepanda mashua anauona mji vizuri zaidi, na ule ufukwe ambako zamani serikali ilitoza ushuru. Shaaban Robert alifanya kazi huko. Tulimsoma shuleni bila kuambiwa kwamba aliwahi kuwa jirani yetu.

Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaingia ukarani wa forodha hadi 1944. Pangani ni kituo kimojawapo alichokaa.

Mto huu ulikuwa mto wa kazi. Karne ya 19 kingo zake zilijaa miwa na mitambo ya kuikamua, na waliotoka jasho ni watumwa. Kisha ukaja mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, huku huku upande wetu. Karani wa forodha bandari kama hii alishinda na majahazi, robota na daftari la ushuru.

Sisi tunamwona karani huyo ndani ya vitabu. Adili na Nduguze inaanza na kodi ambayo haijamfikia mfalme, na humo ndugu wawili wenye wivu wanamtosa mwenzao baharini. Lakini Kusadikika, ya mwaka 1951, ni nchi inayoelea angani! Mtu aliyezoea maji, kwa nini aiweke nchi juu ya upepo? Kumbuka bado alikuwa mwajiriwa wa serikali ya mkoloni, na Karama, shujaa wa kitabu hicho, anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Angeiweka nchi hiyo kando ya mto wa Pangani, wakubwa wake wangeitambua mara moja.

Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki mapema, akamtungia shairi la maombolezo. Kwa ndugu yake Yusuf Ulenge aliandika barua kuanzia 1931 mpaka 1958, nazo baadaye zikachapwa kitabu.

Alifariki Juni 1962, miezi sita baada ya Uhuru. Kaburi lake liko Machui.