John Hunter na siri ya mtamba aliyezaliwa pacha

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hivyo msomaji wangu aniwie radhi leo nikitaja viungo vya uzazi waziwazi, maana jambo lenyewe linagusa mali ya watu wa huku kwetu Kinakomba na heshima ya mabinti zetu.

Ng'ombe akizaa mapacha, dume na jike, mwenyewe hufurahi. Dume atauzwa, jike atabaki aongeze kundi. Baada ya ukame wa 2021 na 2022 kufagia mifugo ya Tana River, mtamba mmoja ni tegemeo la nyumba nzima. Analishwa, anatibiwa, miaka inapita, naye hashiki mimba. Hapo maneno huanza: kuna aliyemtupia jicho, kuna jirani mwenye roho mbaya. Mimi ni Muislamu na najua husuda ipo. Lakini kwa mtamba huyu jirani hana kosa, na mtu wa kwanza kumpasua na kumwandikia kwa makini aliitwa John Hunter.

Hunter alizaliwa mwaka 1728 huko Scotland, kitinda mimba wa watoto kumi wa mkulima. Shule haikumkaa. Alipenda zaidi kuzurura mashambani akitazama wadudu, ndege na majani. Mwaka 1748 alikwenda London kwa kaka yake William, daktari aliyekuwa na shule ya kufundisha maumbile ya mwili. Huko mikono yake ilionyesha akili ambayo vitabu havikuionyesha.

Baadaye akawa daktari wa upasuaji wa jeshi, akahudumu Ufaransa na Ureno katika vita vya miaka ya 1760. Alitibu majeraha ya risasi, na huko akaona jambo ambalo wenzake hawakulipa uzito. Jeraha likivimba, likawa jekundu na la moto, wengi walisema huo ndio ugonjwa. Hunter alishikilia kwamba uvimbe ni mwili wenyewe unaojitetea na kujitengeneza. Alisema pia damu ni kitu hai, si maji mekundu tu. Kitabu chake juu ya damu na uvimbe kilichapishwa 1794, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Sasa turudi kwa mtamba. Mwaka 1779 Hunter aliwasilisha taarifa mbele ya Royal Society ya London kuhusu ng'ombe jike aliyezaliwa pacha na dume, ambaye wafugaji wa Uingereza humwita frimatini. Alikuwa amepasua kadhaa. Kwa nje walionekana majike. Kwa ndani alikuta mji wa mimba uliodumaa, na mahali pa vifuko vya mayai pana vitu vinavyokaribia korodani. Wafugaji walijua zamani kuwa ng'ombe huyo hazai. Hunter alionyesha ni kiungo gani kilichoharibika.

Lakini sababu haikumfikia, na hapa ndipo maisha yake yananishangaza. Tangu 1754 alikuwa ameshiriki kuchunguza kondo la nyuma la mwanamke kwa kuingiza nta katika mishipa ya damu, na ikathibitika kwamba damu ya mama na ya mtoto hazipiti njia moja. Mwaka 1780 aligombana hadharani na kaka yake juu ya nani aliyegundua hilo, na udugu wao ukavunjika. Kwa hivyo alikuwa na mishipa ya kondo mkono huu na mtamba tasa mkono ule, asiviunganishe.

Aliyeviunganisha ni Frank Lillie wa Chicago, mwaka 1916. Alieleza kwamba kondo za ndama mapacha hukutana mapema na mishipa yao ya damu huungana. Dume huanza kuumba viungo vyake kabla ya jike, na homoni zake hupita katika damu hiyo ya pamoja zikazuia viungo vya dada yake kukua. Mwaka 1945 Ray Owen wa Wisconsin akaona kwamba mapacha hao hubaki na chembe za damu za mwenzao maisha yao yote, na kinga ya mwili haizifukuzi. Ugunduzi huo uliwasaidia wanasayansi kuelewa kwa nini mwili hukubali au hukataa kiungo cha mtu mwingine.

Habari haikuishia kwa ng'ombe. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza vijusi vya panya walionyesha kwamba chembe za kinga, zile zinazomeza takataka mwilini, huwamo ndani ya korodani inapoanza kujengwa. Zikiondolewa, mishipa ya damu haijipangi sawasawa, na korodani nayo huharibika umbo. Yaani askari wa mwili ni mafundi pia. Hunter, aliyeona ujenzi ndani ya uvimbe, nadhani asingeshangaa sana.

Simsifu kwa yote. Katika zama zake miili ya masikini ilifukuliwa makaburini ikauzwa kwa shule za madaktari, naye alikuwa mnunuzi. Charles Byrne, mtu mrefu ajabu kutoka Ireland, alitaka azikwe baharini ili asipasuliwe. Alipokufa 1783 Hunter aliupata mwili kwa pesa. Mifupa ile ilioneshwa kwa zaidi ya karne mbili, mpaka jumba la makumbusho lenye jina la Hunter lilipofunguliwa upya 2023 bila kuianika. Maiti ana heshima yake, na elimu haiifuti.

Hunter alikufa ghafla Oktoba 1793, katikati ya mabishano kwenye kikao cha hospitali yake.

Kwa wafugaji wetu nasema hivi. Ukinunua mtamba au ukipokea wa mahari, uliza kama alizaliwa pacha na dume. Kama ndiyo, zaidi ya tisa kati ya kumi wa aina hiyo hawazai. Mwite daktari wa mifugo ampime akiwa bado mdogo, ujue mapema kama ni wa kufuga au wa kuuza nyama, na umwambie mnunuzi ukweli.

Na kwa wazazi: haya ni ya ng'ombe. Kwa binadamu, mapacha wa kike na wa kiume kwa kawaida hawaunganishwi na mishipa ya kondo. Binti aliyezaliwa pamoja na kaka yake si tasa kwa sababu hiyo, na asiwepo wa kumkatalia posa kwa kumfananisha na mtamba.