Nyaatha na picha iliyo kwenye simu

Wengi wetu hapa Meru na Embu tunayo picha ya Mwenye Heri Irene Stefani. Zamani ilitundikwa ukutani, siku hizi imo kwenye simu. Lakini je, tunamfahamu huyu tunayemwomba atuombee?

Alizaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891, akabatizwa Mercede. Alijiunga na Masista wa Konsolata, akafika Kenya mwaka 1915. Wakati wa Vita Kuu aliwauguza wapagazi wa Kiafrika huko Voi, Kilwa na Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1920 alikaa Gikondi, Nyeri, upande wa pili wa Mlima Kenya. Huko alipanda na kushuka vilima akitafuta wagonjwa, hata watu wakamwita Nyaatha, mama wa huruma. Wasiojua kusoma aliwaandikia barua za kuwapelekea jamaa zao waliokwenda mbali kutafuta kazi. (Nadhani yeye ndiye aliyekuwa simu ya siku zile.) Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni, baada ya kumhudumia mgonjwa. Alitangazwa Mwenye Heri Nyeri, tarehe 23 Mei 2015.

Sasa, baba anayefanya kazi Nairobi humtumia mama watoto picha ya Nyaatha kila asubuhi, wala hampigii. Pengine picha imeandikwa kwamba asiyeisambaza kwa watu kumi atapata balaa. Huo ni ushirikina, ifuteni. Leo jioni, baba, piga simu nyumbani. Kila mmoja aiweke picha mbele yake, kisha salini pamoja japo fumbo moja la rozari.