Barnack: Fundi aliyeugua pumu na kuacha kipimo kinachowaniwa na kampuni za kamera

USHINDANI wa kamera za fremu kamili zisizo na kioo, uliopamba moto Sony ilipozindua kamera yake ya kwanza ya aina hiyo mnamo 2013 na kuzilazimu Canon na Nikon kuingia uwanjani 2018, unahusu eneo dogo mno: milimita 24 kwa 36. Asili ya kipimo hicho ni meza ya kazi ya fundi Mjerumani, hayati Oskar Barnack.

Barnack alizaliwa Novemba 1, 1879 katika kijiji cha Lynow, jimbo la Brandenburg. Baada ya kujifunza ufundi wa mitambo midogo, aliajiriwa 1902 na kampuni ya Carl Zeiss mjini Jena, iliyokuwa jabali katika utengenezaji wa lenzi. Siku za mapumziko alipenda kupiga picha katika misitu ya Thuringia. Kamera za zama hizo, hata hivyo, zilikuwa masanduku yaliyobebwa pamoja na mabamba mazito ya vioo na kigoda cha miguu mitatu. Kwa mtu aliyeugua pumu, hiyo ilikuwa adhabu.

Mnamo 1911 alihamia kampuni ya Ernst Leitz mjini Wetzlar, iliyosifika kwa hadubini. Huko ndiko alikoigeukia filamu ya sinema, yenye upana wa milimita 35. Picha ya sinema ilikuwa milimita 18 kwa 24. Barnack aliilaza filamu ipite kwa mlalo na kuuongeza ukubwa wa picha maradufu, akapata 24 kwa 36. Kufikia 1914 alikuwa na kamera ya chuma iliyotoshea mfukoni. Picha ingekuwa ndogo, kisha ikuzwe katika chumba cha giza. Vita vya Kwanza vya Dunia vikakwamisha kila kitu.

Juni 1924, Ernst Leitz wa Pili, mwana wa mwasisi, aliwaita wasaidizi wake kuamua hatima ya kamera hiyo. Wengi walipinga, na hawakuwa wajinga: Ujerumani ilikuwa imetoka majuzi katika mfumko mbaya wa bei, na wapiga picha wa kulipwa walizidharau kamera ndogo. Leitz aliwasikiliza, kisha akaamua kuitengeneza. Kamera hiyo, Leica, ilionyeshwa katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mnamo 1925.

Mafanikio yakazaa mahasimu, wa kwanza akitoka ukoo wa mwajiri wake wa zamani. Zeiss Ikon ilitoa Contax mwaka 1932, ikiwa na pazia la chuma lenye kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, ilhali Leica iliishia sehemu moja ya mia tano. Kwenye karatasi Contax ilikuwa bora. Mikononi, pazia lake tata lilisumbua. Barnack hakufanya papara. Mwaka huo huo Leica ilipata kifaa cha kupimia umbali ndani ya kamera, na kasi ile ya Contax ikafikiwa 1935.

Mjini Tokyo nako, Goro Yoshida aliifungua Leica ili aone siri yake, na 1934 kikundi chake kikatangaza Kwanon, chimbuko la Canon. Kamera ya kwanza ya Canon kuingia sokoni ilitumia lenzi za kampuni ambayo leo ni Nikon. Mahasimu hao, kumbe, walianza wakila sahani moja.

Barnack aliaga dunia Januari 16, 1936 mjini Bad Nauheim, akiwa na umri wa miaka 56. Leica yenyewe iliungana na Panasonic na Sigma mnamo 2018 ili kutumia aina moja ya lenzi. Nayo kamera ya majaribio nambari 105, aliyoitumia Barnack mwenyewe na iliyochongwa jina lake, ilipigwa mnada mjini Wetzlar mnamo Juni 2022 kwa Euro milioni 14.4.